Usambara kwa miguu, Pemba kwa baiskeli: mwongozo kwa anayeanzia Dar

Kila kipupwe kinapokaribia maswali ni yale yale. Nianze na mazoezi gani? Nivae viatu gani? Baiskeli inapanda boti? Naweza kuondoka Jumamosi nikarudi Jumapili? Majibu yamepangwa hapa chini hatua kwa hatua, kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayeishi Dar es Salaam, ambaye hajawahi kutembea milimani siku tatu mfululizo wala kuendesha baiskeli kilomita 30 kwa siku huku akipanda na kushuka. Kama una ugonjwa wa moyo, pumu au presha, muone daktari kwanza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni Lushoto hadi Mtae, Usambara Magharibi, kwa miguu siku tatu. Ya pili ni Mkoani hadi Ras Kigomasha, kisiwani Pemba, kwa baiskeli siku tatu. Chagua moja kwa safari yako ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yanakaa mahali pake: panga safari kwa saa, usiipange kwa kilomita. Dar ni tambarare, na macho yetu yamezoea kupima umbali wa tambarare. Kilomita 15 za Kigamboni na kilomita 15 za Usambara hazifanani hata kidogo, na wageni wengi wanaokutwa na giza njiani ni wale waliohesabu kilomita.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa safari zote mbili:
- kitambulisho cha taifa, na fedha taslimu za noti ndogo ndogo
- chupa za maji za jumla ya lita 3, na vidonge vya kutibu maji
- pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini)
- plasta pana ya kitambaa, bandeji, dawa ya maumivu, sindano safi
- tochi ya kichwani na betri za akiba
- ramani iliyopakuliwa kwenye simu ukiwa bado Dar, na pawabenki
- koti la mvua, kofia yenye ukingo, mafuta ya kukinga jua

Kwa Usambara ongeza sweta zito, suruali mbili nyepesi zinazokauka haraka, fimbo imara na soksi jozi tatu. Kwa Pemba ongeza kofia ngumu ya baiskeli, tyubu mbili za akiba zenye saizi ya tairi lako, viraka na solusheni, vyuma viwili vya kuvulia tairi, pampu, seti ya vifunguo vya pembe sita na kichupa cha oili ya mnyororo. Nguo ya Pemba ifunike mabega na magoti. Unapita vijijini kwa watu, na heshima ya mavazi ni sehemu ya safari.

Hatua ya 1: Chagua miezi

Miezi mizuri kwa njia zote mbili ni Juni hadi Septemba, ikifuatiwa na Januari na Februari. Epuka Machi hadi Mei. Masika ya Usambara hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi ambao hata wenyeji huuendea kwa tahadhari, na Pemba njia za udongo hujaa maji.

Juni hadi Agosti Usambara ni baridi kweli kweli. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia inapanda zaidi ya hapo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mtu wa Dar anayebeba fulana tatu na shuka la kanga atakesha.

Pemba usiende Ramadhani kama unategemea kula njiani. Mchana sehemu za chakula hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea wenyeji.

Hatua ya 2: Mazoezi ya wiki sita

Huhitaji ukumbi wa mazoezi. Unahitaji ngazi.

1. Wiki ya 1 na 2: mara tatu kwa wiki, tembea haraka dakika 45. Mara moja kwa wiki panda na kushuka ngazi za jengo lenye ghorofa nne au zaidi kwa dakika 20.
2. Wiki ya 3 na 4: ngazi mara mbili kwa wiki, dakika 30, ukiwa na begi la kilo 4. Jumamosi nenda vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, utembee saa tatu.
3. Wiki ya 5: Jumamosi saa nne, Jumapili saa tatu, ukiwa na begi na viatu vile vile vya safari. Siku mbili mfululizo ndiyo siri, kwa sababu miguu iliyochoka jana ndiyo utakayoamka nayo mlimani.
4. Wiki ya 6: punguza. Matembezi mawili mafupi, kisha pumzika siku tatu.

Wa Pemba abadilishe Jumamosi na Jumapili ziwe za baiskeli. Vuka Kigamboni alfajiri, uende kusini na kurudi, uanze na kilomita 20 na kufika 40. Ngazi usiziache, maana vilima vya Pemba ni vifupi lakini havikomi, na mapaja ndiyo yatakayolipa.

Kosa la kawaida: kufanya mazoezi ya kupanda tu kwa kutumia lifti kushuka. Maumivu makali ya mapaja siku ya pili huletwa na kushuka, kwa sababu msuli unavutika huku ukibeba uzito. Shuka ngazi kwa miguu.

Hatua ya 3: Viatu

Hapa ndipo fedha yako itumike kwanza. Kiatu kinachofaa kina soli yenye meno, kinashika kisigino bila kucheza, na kina nafasi mbele ya vidole. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa safarini. Usifunge kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia bila taabu, saizi ni sahihi. Kisipoingia, kucha za vidole gumba zitagonga mbele kwenye kila mteremko na zitageuka nyeusi.

Viatu vya mlimani vya mtumba pale Karume mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei hiyo hiyo, ila vina ugonjwa mmoja usioonekana kwa macho. Vingi vina tabaka la katikati la soli lililotengenezwa kwa poliurethani, povu gumu ambalo unyevu hulivunja polepole hata kama kiatu kimekaa kabatini miaka yote. Ngozi inang'aa, meno ya soli bado marefu, lakini baada ya saa chache za mlima soli nzima inabanduka. Kabla ya kulipa, shika kiatu kwa mikono miwili na ukikunje kwa nguvu pale vidole vinapopinda, mara kumi. Kisha bonyeza kwa ukucha ubavuni mwa soli, kati ya ngozi na raba ya chini. Ukiona nyufa nyembamba, au ukucha ukazama na povu lisirudi, au unga ukadondoka, kirudishe kwenye rundo.

Soksi za pamba tupu ziache nyumbani. Hushika jasho, zikalowa, zikasugua ngozi hadi malengelenge. Sufu au nailoni ni bora. Kata kucha siku mbili kabla ya safari, na viatu vipya vitembee angalau saa 15 Dar kabla ya kuona Lushoto.

Hatua ya 4: Begi

Begi la lita 30 hadi 40 lenye mkanda wa kiunoni linatosha. Uzito wote, pamoja na maji, usizidi kilo 8. Tandaza ndani mfuko mkubwa wa taka kabla ya kupanga vitu, kwani kifuniko cha juu peke yake hakizuii mvua ya mgongoni. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, ndipo uvute kamba za mabegani. Ukianza na mabega, shingo itabeba mzigo wote.

Hatua ya 5: Kufika Lushoto na kupata kibali

Mabasi ya mikoani huondokea kituo cha Magufuli, Mbezi. Panda la asubuhi mapema linalokwenda Lushoto moja kwa moja. Ukilikosa, panda la Moshi au Arusha, ushuke Mombo, kisha uchukue gari la kupanda mlima kupitia Soni, kilomita thelathini na kitu za kona. Wenye kichefuchefu wakae mbele.

Siku ya kufika usianze kutembea. Lala Lushoto, na jioni hiyo fanya mambo mawili:

1. Tafuta mwongozaji mwenyeji. Njia za Usambara ni njia za watu kwenda shambani, sokoni na kisimani. Zinagawanyika kila hatua chache na ramani ya simu haizijui zote. Kubalianeni bei kwa siku, nani analipia chakula na malazi yake, na nauli yake ya kurudi. Yote hayo kabla ya kuondoka.
2. Shughulikia kibali cha hifadhi ya msitu wa Magamba. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba. Beba kitambulisho, maana kiwango cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Hatua ya 6: Kutembea

Hesabu saa zako hivi. Mskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Basi kilomita 15 zenye mita 600 za kupanda ni saa nne. Kanuni hiyo ni ya mtu aliyezoea na haina mapumziko, hivyo anayeanza aongeze nusu: saa sita. Ukianza saa moja asubuhi unafika saa saba mchana, na una akiba kubwa kabla ya giza. Ukianza saa nne kwa sababu ya chai ndefu, unafika saa kumi jioni na akiba imebaki kidogo tu.

Mpangilio wa kawaida wa siku tatu:

- Siku ya 1: Lushoto hadi Lukozi, kupitia msitu wa Magamba. Ndani ya msitu kuna kivuli na ubaridi, ukitoka unakutana na mashamba ya mboga.
- Siku ya 2: Lukozi hadi Rangwi. Siku fupi kuliko zote, na inafaa iwe hivyo, kwa kuwa ndiyo siku mapaja yanauma.
- Siku ya 3: Rangwi hadi Mtae. Ndefu. Anza alfajiri. Mtae imekaa ukingoni mwa mlima, na chini yake nyika ya Mkomazi imetandaa hadi macho yanapochoka.

Mwendo wa kupanda ni hatua fupi, unyayo wote chini, na pumzi inayokuruhusu kusema sentensi nzima. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Kukimbia kidogo na kusimama sana kunachosha kuliko kwenda taratibu bila kusimama. Pumzika dakika 5 kila saa, na dakika 30 kwa chakula cha mchana. Kunywa kidogo kidogo kila dakika 20, hata kama baridi inakufanya usisikie kiu. Mfukoni weka karanga, tende na ndizi. Ule kabla njaa haijauma.

Maji ya kijito, hata yawe meupe kiasi gani, yatibu kwanza. Weka kidonge na usubiri dakika 30, au muda ulioandikwa kwenye pakiti. Juu ya karibu kila kijito kuna nyumba na mifugo.

Hatua ya 7: Kushuka

Kabla ya mteremko mrefu, simama ufunge kamba upya. Kanyaga chini kwa kisigino mara mbili ili mguu urudi nyuma, kaza kamba kwenye kifundo, legeza kidogo juu ya vidole. Dakika moja hiyo huokoa kucha. Kisha kunja magoti kidogo, hatua fupi, fimbo itangulie mbele. Usikimbie mteremko kwa kuwa watoto wa pale wanakimbia; magoti yao yameuzoea tangu walipoanza kutembea.

Hatua ya 8: Kukagua baiskeli kabla ya Pemba

Baiskeli ya gia yenye tairi za upana wa milimita 40 hadi 50 inafaa lami na udongo pia. Ile nyembamba ya mashindano iache. Wiki mbili kabla ya safari, kagua au mpelekee fundi ukiwa umesimama hapo:

1. Breki: bana mkono wa breki kwa nguvu. Ukigusa usukani, waya umelegea. Tazama raba za breki. Mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha zote nne kwa pamoja.
2. Rimu: inua gurudumu, lizungushe. Likiyumba na kugusa raba upande mmoja, spoku zimelegea. Minya spoku mbili mbili kwa vidole. Ile laini kuliko wenzake ndiyo mgonjwa.
3. Mnyororo: futa kwa kitambaa hadi usiache weusi, weka tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa tena oili ya nje. Oili chafu ya gari usitumie, hunasa vumbi na kuugeuza mnyororo kuwa msasa.
4. Kiti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Kiti kilicho chini mno ndicho chanzo cha kawaida cha maumivu ya goti kwa mbele.
5. Upepo: kwa tairi za upana huo, psi 40 hadi 50 kwenye lami, na punguza kidogo kwenye udongo.
6. Keria: kaza skrubu zote, na ujaribu na mzigo halisi. Mzigo wa Pemba ukae kwenye keria, usikae mgongoni.

Fanya zoezi la kuziba pancha nyumbani, ukiwa na saa mkononi. Ukimaliza chini ya dakika 25, uko tayari.

Hatua ya 9: Boti, na upande wa kuanzia

Boti za Pemba ni chache kuliko za Unguja, na nyingi hupitia Unguja. Ulizia ratiba ya wiki hiyo hiyo, na unapokata tiketi sema wazi kwamba una baiskeli, ilipiwe kama mzigo. Funga mfuko wa plastiki kwenye mnyororo na gia, kwa sababu maji ya chumvi yakikauka hapo huleta kutu siku hiyo hiyo. Fika bandarini saa moja na nusu kabla. Kati ya Juni na Agosti bahari ya Pemba huchafuka. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kuondoka, siyo baada ya kuanza kutapika.

Upande wa kuanzia huamuliwa na upepo. Pemba imelala kusini kwenda kaskazini. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi (upepo wa kutoka kusini), anzia Mkoani uende kaskazini, upepo ukusukume mgongoni. Januari na Februari, wakati wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), panda daladala na baiskeli yako hadi Konde, na uendeshe kurudi kusini. Wengi hawalifikirii hili, wakabishana na upepo siku tatu nzima.

Hatua ya 10: Kuendesha Pemba

Kila siku ni takriban kilomita 30: Mkoani hadi Chake Chake, Chake Chake hadi Wete, Wete hadi Ras Kigomasha kupitia Konde na msitu wa Ngezi. Kwa mwanzo hesabu kilomita 10 kwa saa. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, umalize kabla ya saa tano, jua halijawaka.

Mkoani iko mtelemkoni, hivyo utapanda tangu unapotoka bandarini. Shusha gia kabla ya kilima. Ukingoja hadi pedali zimekuwa nzito, mnyororo unabanwa, unaruka au unakatika. Kwenye mteremko usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, zote mbili kwa pamoja, ili raba na rimu zipoe. Breki ya mbele peke yake kwenye changarawe itakuangusha.

Msimu wa karafuu utakuta majamvi ya karafuu zimeanikwa kando ya lami, na pengine hadi juu ya lami yenyewe. Shuka, kokota baiskeli kupita pembeni. Hilo ni jasho la familia nzima, na harufu yake ukiwa umesimama itakufanya usijutie dakika ulizopoteza. Ukiwa kati ya Chake Chake na Wete, Kidike ni mahali pa kuwaona popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani. Lipa kiingilio cha kijiji na usipige kelele chini ya miti.

Wazee waamkie shikamoo, na salamu za asalaam aleikum zitakufungulia milango mingi. Picha ya mtu ombwa kwanza. Madafu yako kila mahali.

Likitokea hili, fanya hivi

*Sehemu ya mguu inawaka moto.* Simama papo hapo, usingoje kituo. Kausha, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo. Lengelenge likishatokea na ni dogo, lifunike tu. Likiwa kubwa na linauma, toboa pembeni kwa sindano safi, kamua, acha ngozi ya juu mahali pake, funika.

*Misuli inakaza.* Huenda umechoka au umepoteza maji na chumvi. Pumzika, nyoosha msuli. Kunywa ORS. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

*Kichwa kinauma, kizunguzungu, na mtu anaanza kuchanganyikiwa kwenye jua.* Kivuli, mlowanishe maji, mpepee, tafuta gari la kwenda hospitali mara moja. Hapo safari imeisha.

*Umelowa Usambara na unatetemeka.* Vua nguo zote mbichi kabla ya kuvaa sweta. Sweta juu ya fulana mbichi halisaidii. Kisha kitu cha moto na chenye sukari.

*Pancha inarudi baada ya kuziba.* Mwiba bado uko ndani ya tairi. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi duara zima, na uchomoe kabla ya kurudisha tyubu. Kama tundu liko upande wa ndani wa tyubu, kosa ni la kichwa cha spoku. Funika kwa utepe wa rimu au kipande cha mpira.

*Kiraka hakishiki.* Uliharakisha solusheni. Sugua kwa msasa, paka nyembamba, subiri dakika 5 hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike.

*Ukungu umeshuka na njia haionekani.* Kaeni pamoja, msigawanyike kutafuta. Rudini hadi pale mlipokuwa na uhakika.

*Umechelewa na saa kumi jioni bado uko mbali.* Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na giza la milimani halisubiri. Kata njia uende barabara ya magari iliyo karibu, simamisha bodaboda au lori, ulale kijiji cha kwanza.

*Umefika Mtae na hujui pa kupata gari la kurudi.* Basi la kwenda Lushoto huondoka kukiwa bado giza. Muulize mwenye nyumba ya wageni saa kamili jioni hiyo hiyo, lipia kiti kama inawezekana, na lala na begi likiwa limefungwa.